Sura ya Sita: Utamchoraje Mtu Asiyetulia?

Mchoraji akikaa sokoni au kituo cha daladala na daftari mapajani, haichukui muda mtu atasimama nyuma yake kutazama. Swali litakalokuja linajulikana: "Sasa huyo anaondoka, utamchoraje?" Naye akiondoka kweli, na ukurasani ikabaki mistari michache tu ya penseli, yaani mgongo, bega moja, kikapu na mguu mmoja usio na kiatu, swali la pili hufuata: "Mbona hujamalizia?"

Maswali yote mawili ni ya haki. Wengi wetu tulijifunza kuchora mbele ya chungu kilichowekwa mezani. Chungu hakina haraka. Unapima urefu wake, unafuta, unapaka kivuli, na jioni bado kipo pale pale. Binadamu hana utulivu huo. Hata aliyelala hujigeuza. Kumchora mtu aliye katika shughuli zake kunadai ustadi mwingine kabisa, na ustadi huo hujengwa ndani ya daftari la michoro: kile kijitabu cha mfukoni ambacho mchoraji hakitengenezi kwa ajili ya maonyesho wala kuuza, kinachojaa watu waliochorwa upesi upesi, mmoja juu ya mwingine.

Nitalijibu swali la kwanza kwa kirefu. La pili litapata jibu lake njiani.

Unamjua kwa mwendo

Mtoto aliyekaa barazani hupiga kelele "Baba huyoo!" wakati baba yuko bado mbali, mwisho wa barabara, uso hauonekani na shati halijulikani rangi. Amemjuaje? Amemjua kwa namna anavyoinamisha kichwa, anavyorusha mkono mmoja kuliko mwingine, anavyoburuza kidogo mguu wa kushoto. Macho, pua na mdomo vitafuata baadaye. Kinachotufikia kwanza ni mwili mzima ukiwa katika tendo.

Mchoro wa haraka unalikamata tendo hilo. Ninaposema mchoro wa haraka nina maana ya mchoro wa mtu unaofanywa kwa muda wa kati ya sekunde 10 na dakika 2 hivi, mara nyingi kwa penseli, bila kupima na bila kufuta. Mwalimu mmoja aliyelijengea jambo hili utaratibu mzima wa mafunzo ni Kimon Nicolaïdes, aliyefundisha katika shule ya Art Students League mjini New York. Kitabu chake, The Natural Way to Draw, kilitoka mwaka 1941, miaka 3 baada ya kifo chake, na hadi leo walimu wa uchoraji wanakitumia. Aliwataka wanafunzi waache kwanza kuangalia mtu anafanana na nini, waangalie anafanya nini. Aliyekaa kitini naye anafanya jambo: analemea, anajikunja, anasukuma sakafu kwa kisigino. Mkono wa mwanafunzi ulitakiwa uanze kwenda mara moja, ukizunguka na kupinda pamoja na mwili, kabla akili haijamaliza kujiuliza maswali.

Mstari wa kwanza katika mchoro wa namna hii huitwa mstari wa tendo. Ni mstari mmoja mrefu unaopita ndani ya mwili, tangu kichwani hadi kwenye unyayo, na unaonyesha mwili umepindia wapi. Kwa mtu anayevuta mkokoteni uliojaa magunia, mstari huo unalala mbele hadi mtazamaji anajiuliza kwa nini haanguki. Kwa anayetwanga, unakuwa upinde unaojikunja na kukunjuka. Mstari huu hauonekani kwa macho popote kwenye mwili. Mchoraji ndiye anayeukisia, na akiukisia vizuri, kila kitakachoongezwa baadaye kitakaa mahali pake.

Anayejifunza peke yake huanzia usoni, na nadhani hiyo ndiyo sababu kubwa inayowafanya watu wengi wenye kipaji waache kuchora binadamu. Anachora jicho moja kwa uangalifu, analifuata la pili, na akifika kwenye kidevu mtu mwenyewe amekwishapanda gari. Anabaki na kichwa kinachoelea. Kesho anajaribu tena, anapata kichwa kingine. Baada ya wiki anaamua kwamba yeye "hawezi watu", na anarudi kwenye minazi na mashua. Kipaji hakikuwa na kasoro. Kilichokosewa ni mahali pa kuanzia.

Uzito umekaa wapi?

Kama ningeruhusiwa kumwachia mwanafunzi swali moja tu, ningemwachia hili.

Kila mwili una mahali ambapo ni kana kwamba uzito wake wote umekusanyika. Mahali hapo huitwa kitovu cha uzito, na kwa mtu aliyesimama wima huwa ndani ya mwili, chini kidogo ya kitovu cha kawaida. Ili mtu asianguke, kitovu hicho cha uzito lazima kibaki juu ya eneo ambalo nyayo zake zimelikalia. Akisogeza kiungo kimoja upande huu, kingine lazima kijibu upande ule. Mwili hufanya hesabu hiyo wenyewe usiku na mchana, na mchoraji anayeijua anaweza kukisia nusu ya mwili ambayo hakuwahi kuiona vizuri.

Mtazame mtu aliyebeba ndoo ya lita 20 kwa mkono wa kulia. Kiwiliwili chote kinaegemea kushoto, na mkono wa kushoto unatanuka hewani kutafuta usawa. Ihamishie ndoo hiyo kichwani na mtu anakuwa mwingine: shingo imenyooka, mabega yametulia, kidevu hakipandi wala hakishuki, na kazi yote imeteremkia nyongani. Mama aliyembeba mtoto mgongoni huinama mbele kidogo. Mjamzito hurudisha mabega nyuma. Fundi mwashi anayeinua tofali la saruji huanza kwa kutanua miguu kabla mikono haijagusa kitu, na ukiiona miguu tu unajua kinachokuja.

Leonardo da Vinci, Mwitaliano aliyeishi kati ya mwaka 1452 na 1519, aliyachunguza mambo haya kwa bidii isiyo ya kawaida. Aliwashauri wachoraji watembee na kijitabu kidogo, wawachukue watu kwa mistari michache wanapobishana, wanapocheka na wanapopigana, wasiifute michoro hiyo bali waihifadhi kwa uangalifu, kwa sababu mikao ya binadamu ni mingi kuliko kumbukumbu ya mtu mmoja. Ushauri huo una zaidi ya miaka 500 na sijaona wa kuupita.

Kuna jaribio dogo ambalo ningependa msomaji alifanye sasa hivi. Simama mbele ya kioo, uweke uzito wote kwenye mguu wa kulia na kuulegeza wa kushoto, kama unavyosimama kwenye foleni ndefu. Nyonga ya kulia imepanda. Sasa angalia mabega: la kulia limeshuka kuifuata ile nyonga. Mabega na nyonga vimeinamia pande mbili zinazopingana, na mgongo katikati umejipinda kuviunganisha. Wachonga sanamu wa Ugiriki waliligundua jambo hili katika karne ya 5 kabla ya Kristo, na tangu hapo sanamu zao ziliacha kusimama kama askari kwenye gwaride. Foleni yoyote ya benki au zahanati ina mikao hiyo kumi kwa wakati mmoja, bure.

Kipimo cha kujisahihisha nacho ni rahisi. Tafuta kile kishimo kidogo chini ya koo, kati ya mitulinga miwili, kisha ukisie mstari unaoshuka wima kutoka hapo kama uzi wa timazi. Kwa mtu aliyesimama kwa mguu mmoja, uzi huo utaangukia karibu na kifundo cha mguu ule. Ukiangukia mbali, mtu wako anaanguka, hata ukimpamba kwa vivuli vizuri namna gani.

*Kwa ufupi:* kabla penseli haijagusa karatasi, jiulize mwili umepindia wapi, kiungo gani kinabeba uzito, na mabega na nyonga vimeinamia upande upi. Majibu hayo matatu yanatosha kuchora mtu anayeaminika, hata akiwa hana uso.

Watu hurudia

Sasa turudi kwa yule anayeondoka.

Siri ambayo asiyechora haioni ni kwamba watu wengi hawaondoki. Wanasogea, kisha wanarudi pale pale. Chukua mtu anayekuna nazi. Amekalia mbuzi, magoti yameachana, kiwiliwili kimeinama juu ya sinia. Mikono miwili imeshika nusu ya nazi na kuikandamiza kwenye meno ya chuma, viwiko vinapanda na kushuka. Kila baada ya muda mfupi anaizungusha nazi, anapunga inzi, ananyoosha mgongo, anatazama mlangoni nani kaingia, kisha anainama tena. Ukimtazama kwa utulivu utaona kwamba anayo mikao minne au mitano tu, na anaizungukia yote mfululizo hadi nazi ziishe.

Basi mchoraji hachori mtu mmoja. Anaanza michoro minne au mitano katika ukurasa mmoja, kila mkao na mahali pake. Kichwa kikiinama, anaongeza mstari kwenye mchoro wa kuinama. Mgongo ukinyooka, anahamia kwenye ule wa pili. Nazi ikizungushwa, mkono unachorwa kwenye wa tatu. Michoro inakua pamoja, huku kidogo na kule kidogo, na nazi zikiisha ukurasa una familia nzima ya mtu mmoja. Ndiyo maana kurasa za daftari za wachoraji huonekana zimevurugika: vichwa viwili mwili mmoja, mikono mitatu, mguu uliokatizwa. Mwenyewe anajua kila kitu kilitoka wapi.

Kazi zinazorudia ziko kila mahali. Mpika chapati husukuma, hugeuza, hupaka mafuta. Fundi cherehani hukanyaga, husogeza kitambaa, hukata uzi. Mpara samaki, mpiga pasi, kinyozi, dada anayesuka nywele, mfagiaji mwenye fagio fupi: wote hawa ni walimu wazuri. Anayeanza asijisumbue kwanza na wanaotembea. Awatafute wanaofanya kazi za mikono wakiwa wamekaa au wamesimama mahali pamoja, hadi mkono uzoee.

Wale wapitao njia kweli nao wana dawa yao, nayo ni kwamba wanapita wengi. Ukiukosa mguu wa yule aliyebeba tenga la kuku, baada ya dakika tatu atapita mwingine mwenye mzigo unaokaribia huo. Chukua mguu wake. Madereva wa bodaboda wanaosubiri abiria hulala juu ya pikipiki zao kwa mitindo michache inayojulikana, na mmoja akiitwa, wa jirani yake atakumalizia mkono.

Hapo ndipo mtu husema: si upige picha kwa simu, ukachore nyumbani? Swali hili nalichukulia kwa uzito, kwa sababu simu ni chombo kizuri na wachoraji wengi wanaitumia. Lakini tazama kinachotofautiana. Picha ya simu hukata kipande kimoja kidogo mno cha wakati na kukupa kila kitu sawasawa: mtu, ndoo, waya wa umeme, bango la ukutani. Mchoro wa yule mkuna nazi haukutoka kwenye kitambo kimoja. Mgongo ulitoka kwenye mkuno wa kwanza, kiwiko kwenye wa nane, kichwa kwenye wa ishirini. Ni muda mrefu uliokunjwa ukawa mwili mmoja. Ndiyo maana mchoro wa haraka unaweza kuonekana unatikisika, wakati picha ya mtu anayekimbia mara nyingi humwonyesha amegandishwa kwenye mguu mmoja.

Mabishano haya yana historia. Mwaka 1821 mchoraji Mfaransa Théodore Géricault alichora mashindano ya farasi ya Epsom, Uingereza, farasi wakiwa hewani, miguu minne yote imenyooshwa mbele na nyuma. Mwaka 1878 mpiga picha Eadweard Muybridge, akiwa California, alipanga kamera kando ya njia ya farasi, na picha zake zikaonyesha kwamba farasi anayekimbia hapiti kamwe katika mkao huo. Wengi walisema mchoraji amepatikana na kosa. Mchonga sanamu Auguste Rodin alimtetea. Hoja yake ilikuwa kwamba wakati katika maisha hausimami, na anayemchora farasi kwa kuunganisha mwanzo wa mruko na mwisho wake yuko karibu zaidi na tunachokiona. Mimi nakubaliana naye, na kazi zake mwenyewe ndizo zilizonishawishi kuliko hoja.

Mzee wa miaka 65 mbele ya wacheza ngoma

Rodin anajulikana kwa sanamu za shaba na marumaru, hasa ile ya mtu aliyekaa akiwaza, kidevu kimeegemea mkono. Wachache wanajua kwamba aliacha maelfu ya michoro kwenye karatasi, mingi ikiwa ya penseli na ya haraka sana.

Mwaka 1906 Mfalme Sisowath wa Kambodia alifika Ufaransa pamoja na wacheza ngoma wa kasri lake, kwa ajili ya Maonyesho ya Makoloni mjini Marseille. Kambodia wakati huo ilikuwa chini ya Ufaransa, na maonyesho yale yalikusudiwa kuwaonyesha Wafaransa mali na watu wa nchi walizozitawala. Wacheza ngoma hao walicheza pia Paris, na Rodin, akiwa na miaka 65, akawaona. Walipoondoka kwenda Marseille aliwafuata kwa treni. Inasimuliwa kwamba alikwenda bila vifaa vya kutosha, akalazimika kuchorea kwenye karatasi za kufungia bidhaa za duka. Kwa siku chache tu alifanya michoro ipatayo 150.

Alichora akiwa hatazami karatasi. Macho yake yalibaki kwa mchezaji, na mkono ukaenda peke yake na penseli. Rangi ya maji aliiweka baadaye, katika utulivu. Ukiitazama michoro ile utaona nyuso zimeguswa kwa alama mbili tatu au hazipo kabisa, lakini mikono yote ipo. Wacheza ngoma wa Kambodia huzoezwa tangu utotoni hadi vidole vipinde nyuma, na Rodin aliona kwamba tendo zima linaishia pale, kwenye ncha za vidole. Magoti yamekunjwa, nyayo zimeinuliwa, na mkono mmoja wakati mwingine umechorwa mara mbili, mahali ulipokuwa na mahali ulipohamia. Hakufuta wa kwanza. Inaniuma kwamba mikono ya wasichana wale imeingia katika historia ya sanaa huku majina yao mengi yakibaki nje, na yeyote anayeistahi michoro ile anapaswa kulijua na hilo pia.

Kuchora bila kutazama karatasi kunasikika kama mzaha, lakini sababu yake ni ya kweli. Kila jicho linaposhuka kwenye daftari, linaacha kumwona mtu na kuanza kuuona mchoro. Linaanza kusahihisha, kusawazisha, kuona aibu. Likibaki juu, mkono unapokea habari moja kwa moja. Uwiano, yaani ukubwa wa kiungo kimoja ukilinganishwa na kingine, utaharibika. Kichwa kinaweza kuwa kidogo na mkono mrefu. Uhai unabaki, na uwiano unaweza kujifunzwa pembeni. Kumbuka tu kwamba mtu mzima ana urefu wa vichwa vyake 7 na nusu hivi, na mtoto wa mwaka mmoja vichwa 4. Ukimchora mtoto kwa vipimo vya mtu mzima unapata mzee mfupi.

Rodin alikuwa na msingi mwingine tangu ujana. Alipita katika shule ndogo ya uchoraji mjini Paris iliyokuwa na mwalimu Horace Lecoq de Boisbaudran, mtu aliyeamini kwamba kumbukumbu ya macho hufunzwa. Wanafunzi wake walikitazama kitu, kitu kikaondolewa, ndipo wakachora. Zoezi hili halihitaji chochote. Ukiwa ndani ya daladala, mtazame aliyesimama nje kwa kitambo, umwache, ufumbe macho na umwone mstari wake, kisha uchore. Usigeuke kumtazama tena. Mwanzoni utakumbuka kofia na begi. Siku zikienda utaanza kukumbuka nyonga.

Penseli, karatasi na raba

Penseli inapendwa kwa kazi hii kwa sababu haimwagiki, haikauki, haihitaji maji, na mstari wake unaweza kuwa mwembamba au mnene kwa kuukandamiza tu mkono. Uti mweusi ulio ndani yake ni madini ya kinywe yaliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Mchanganyiko huo tunauhusisha na Mfaransa Nicolas-Jacques Conté, mwaka 1795, wakati vita vilipoikatia Ufaransa kinywe safi kilichotoka Borrowdale, kaskazini mwa Uingereza. Udongo ukizidi, penseli huwa ngumu na mstari wake mwepesi. Hizo ndizo zenye herufi H. Kinywe kikizidi, huwa laini na nyeusi, na hupewa herufi B. HB ya shuleni iko katikati. Kinywe hicho kipo kwa wingi ardhini kwetu Tanzania, Mahenge mkoani Morogoro na pia mkoani Lindi, ingawa siku hizi wanaokisaka wanakitaka zaidi kwa ajili ya betri.

Vifaa vya kuanzia ni vichache:

- Daftari lisilo na mistari, dogo la kuingia mfukoni au kwenye pochi. Likiwa kubwa litabaki nyumbani. Likiwa la bei kubwa utaliogopa.
- Penseli ya 2B au 4B iliyochongwa kwa kisu, ncha ndefu, ili iweze kulala ubavu na kutoa mstari mpana.
- Kibanio cha nguo cha kuzuia kurasa zisipeperushwe na upepo.

Raba nimeiacha makusudi. Mwenye raba hutumia muda wa mtu asiyetulia kwa kufuta, na akiinua macho mkao umekwisha. Mstari uliokosea uache, chora mwingine pembeni yake. Ule wa kwanza utakuonyesha ulipotoka.

Kuomba ruhusa

Kuna wasiopenda kuchorwa, na wako sahihi kutopenda. Pwani hasa wapo wanaoona kuchora viumbe wenye roho hakufai kidini. Msimamo huo hauhitaji kubishaniwa na mtu mwenye penseli. Penye watu wengi wanaopita, mchoro usio na uso haumtambulishi mtu wala kumwingilia. Lakini ukikaa karibu na mtu mmoja na kumtazama kwa muda, adabu inataka useme.

"Shikamoo mama. Najifunza kuchora. Naomba nikuchore huku ukiendelea na kazi zako."

"Marahaba mwanangu. Nichore, ila nikimaliza nione."

Mara nyingi mazungumzo huwa mafupi hivyo. Tatizo lake ni kwamba aliyeombwa hujiweka sawa, huvuta kanga, hukaza shingo. Subiri. Baada ya muda kazi itamrudisha katika hali yake, na hapo ndipo uanze. Akimaliza na kutaka kuona, mwonyeshe ukurasa wote. Akikataa tangu mwanzo, funga daftari mbele ya macho yake ili ajue.

Zipo pia hali ambazo hata kuomba hakufai. Mwishoni mwa mwaka 1940, Ujerumani ilipokuwa ikiipiga London kwa mabomu usiku, maelfu ya watu walishuka kulala kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi. Mchonga sanamu Henry Moore aliwaona wamejipanga kando ya reli, wamejifunika mablanketi, na akatamani kuwachora. Hakutoa daftari mbele yao. Alihisi kwamba kuwachora pale, wakiwa wamelala bila faragha, kungekuwa kuwavunjia heshima. Alitembea kati yao, akaandika pembeni maneno machache ya kumkumbusha, na kuchora alichora baadaye akiwa peke yake. Daftari mbili zilizotoka humo ni miongoni mwa kazi nzito kuliko zote za vita vile. Kumbukumbu iliyozoezwa kwa wakuna nazi ndiyo inayotumika siku kama hizo: msibani, wodini, penye ajali.

Ukurasa ukijaa

Januari 1832 mchoraji Mfaransa Eugène Delacroix alifika Moroko na ujumbe wa kidiplomasia uliotumwa kwa sultani. Alikaa Afrika Kaskazini hadi katikati ya mwaka, akijaza daftari kwa watu waliosimama milangoni, wapanda farasi, viatu, mikunjo ya majoho. Alipopata nafasi ya kuhudhuria harusi ya Wayahudi mjini Tangier, alichora na kuandika papo hapo nani alikaa wapi na mwanga ulipigaje ukuta. Pembeni ya michoro yake mingi kuna maneno: rangi ya mkanda, rangi ya kivuli, kitambaa gani. Penseli haina rangi, na yeye alijua kwamba angezisahau.

Picha kubwa ya harusi ile aliionyesha Paris mwaka 1841, miaka 9 baadaye. Aliendelea kuzichota daftari hizo hadi alipofariki mwaka 1863. Kwa hiyo anayeuliza mbona hujamalizia anaweza kujibiwa kwa kweli kabisa kwamba mchoro huu umemaliza kazi yake: umechukua kile ambacho kisingesubiri. Kilichobaki, yaani uso, mapambo na kivuli cha mnazi, kinaweza kufanywa nyumbani, mwaka huu au mwaka mwingine, au kisifanywe kabisa.

Ila ili daftari litumike, lazima lisomeke. Andika tarehe na mahali kwenye kona ya kila ukurasa, siku hiyo hiyo. Usichane kurasa mbaya, kwa sababu mara nyingi kiwiko unachokihitaji kimo humo. Penseli laini huchafua ukurasa wa pili, hivyo chora upande mmoja tu wa karatasi kama unatumia 4B. Na kando ya kila mtu andika kazi aliyokuwa akiifanya: anapara samaki, anasuka ukili, anafunga turubai la mzigo. Bila neno hilo, baada ya miaka miwili utaitazama ile mistari michache na usijue kama mtu wako alikuwa anainua au anashusha.